Tulimkataza mzee nguruwe kwa ajili ya figo, tukamlisha soseji: nyama gani mgonjwa wa figo ale, na kiasi gani?

BintiWaMzee (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naandika nikiwa na daftari la mzee mbele yangu, lile tunaloandikia kila anachokula, kwa sababu sitaki mtu mwingine mwenye mgonjwa wa figo nyumbani apite njia tuliyopita sisi.

Baba yangu ana miaka 67 na uzito wa kilo 62. Figo zake zinachuja kwa kiwango cha 38 (mililita kwa dakika), yaani yuko hatua ya 3 kati ya 5 za ugonjwa wa figo, ile sehemu ya pili wanayoiita 3b, ambayo ni kuanzia 30 hadi 44. Presha ndiyo iliyozila taratibu kwa miaka. Siku tulipopewa majibu daktari alieleza mambo mengi, lakini sisi tulitoka mle ndani na maneno mawili tu: apunguze nyama. Tulipofika nyumbani maneno yakakua. Shangazi akasema nyama nyekundu ni sumu. Mjomba akasema katika nyama zote nguruwe ndiye mbaya zaidi. Na mzee wangu nyama anayoipenda kuliko zote ni hiyo hiyo ya nguruwe. Basi tukapiga marufuku nguruwe, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Tukaambiana kuku hana shida, tena akiwa kwenye soseji ni laini, maana mzee meno yamebaki machache.

Miezi minne mzee alikula soseji za kuku asubuhi, na jioni vipande vya kuku vya pakiti vilivyogandishwa. Miguu ikaanza kuvimba. Ukibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo linabaki. Presha ikakataa kushuka na dawa anameza mbele yangu. Kipimo cha fosforasi kikapanda. Na huku anavimba miguu, mikono ya shati ikaanza kumpwaya, nyama za mabegani zinaisha.

Tukapelekwa kwa mtaalamu wa lishe. Yule dada hakuuliza mzee anakula nyama ya mnyama gani. Alisema, "Nileteeni pakiti." Nikapeleka tatu. Akazigeuza nyuma, akachukua kalamu, akaanza kupiga mistari kwenye yale maandishi madogo ambayo mimi sijawahi kuyasoma maishani: chumvi, E450, E451, E452. Kisha akauliza, "Lini mara ya mwisho mzee amekula kipande cha nyama ambacho hakina karatasi ya maelezo?" Sikuwa na jibu.

Leo mzee anakula nguruwe. Si kila siku, na si kile kipande cha zamani, lakini anakula, na vipimo vimetulia. Nitaeleza hapa chini kwa vipande. Wenye wagonjwa na wataalamu karibuni mnisahihishe.

---

BintiWaMzee

Jambo la kwanza alilotufundisha ni hesabu, na ndilo lililonifungua macho.

Mwili ukimeng'enya protini unabaki na taka, kubwa ikiwa yurea, na kazi ya kuitoa ni ya figo. Figo zikichoka, protini nyingi ni mzigo juu ya mzigo. Kwa mtu wa hatua ya 3 hadi ya 5 ambaye hajaanza kusafishwa damu, mwongozo unaofuatwa sana ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kutovuka gramu 1.3. Kuna wanaoshushwa hadi 0.6 au chini kidogo, lakini hao wanafuatiliwa kwa karibu na mtaalamu, mtu asijishushe mwenyewe nyumbani.

Mzee ana kilo 62. Zidisha kwa 0.8 unapata kama gramu 50 za protini. Kwa siku nzima, pamoja na zile zilizomo kwenye wali, mkate, maharage na maziwa.

Sasa nyama iliyoiva, isiyo na mafuta mengi, ina protini kama gramu 25 hadi 30 kwa kila gramu 100. Ya nguruwe ni hivyo, ya ng'ombe ni hivyo, na kidari cha kuku ndicho kinaongoza, kinafika 31. Kwa hiyo yule kuku tuliyemwona malaika, kwa upande wa protini hajamwacha nguruwe mahali popote.

Nilinunua mzani mdogo wa jikoni. Nikapima kipande cha nguruwe cha ukubwa ule ule aliokuwa akikatiwa mzee zamani, kikiwa kimeiva: gramu 250. Piga hesabu mwenyewe. Hapo kuna protini zaidi ya gramu 60, imepita ya siku nzima kwa mlo mmoja, kabla hajagusa kitu kingine chochote. Niliketi kwenye kiti cha jikoni nikatazama ile namba. Tatizo letu halikuwa nguruwe, lilikuwa ukubwa wa kipande.

Sasa hivi namkatia gramu 90 iliyoiva, ambayo kabla ya kupika huwa kama 120, kwa sababu nyama inapungua karibu robo ikiwa motoni. Ni kama ukubwa wa kiganja bila vidole. Hiyo ndiyo nyama yake ya siku. Akila yai asubuhi, nyama inapungua.

---

Mdau_Mkavu

Dada pole sana na hongera kwa kumhangaikia mzee. Ila mimi najua nguruwe ni nyama nyeupe, sasa hapo ugomvi unatoka wapi?

---

LisheKwanza

Mkuu, hapo naomba nikurekebishe kidogo. Kazi yangu ni lishe ya wagonjwa, na hili naulizwa kila wiki.

Nguruwe ni nyama nyekundu. Kinachofanya nyama iitwe nyekundu ni mayoglobini, ile protini inayoshika oksijeni kwenye misuli, na nguruwe anayo zaidi ya kuku na samaki, hata kama nyama yake ikiiva inafifia rangi. Ile habari ya nyeupe ilienea kutokana na tangazo la biashara lililoanza Marekani mwaka 1987, la kuuza nguruwe kwa watu waliokuwa wanakimbilia kuku. Lilikuwa tangazo, si sayansi.

Mleta uzi, umeeleza vizuri sana. Niongeze hapo kwenye pakiti, kwa sababu ndipo wagonjwa wengi wanapoumia bila kujua.

Fosforasi iko ya namna mbili kwenye chakula. Iko ya asili, iliyofungwa ndani ya chakula chenyewe. Ya kwenye nyama mwili unachukua kama nusu hivi, ya kwenye maharage na nafaka unachukua pungufu zaidi kwa sababu imeshikwa na kitu ambacho tumbo letu haliwezi kukivunja vizuri. Halafu iko ya kiwandani, fosfeti inayowekwa ili nyama ishike maji, ibaki laini na isibadilike rangi. Hiyo haijafungwa na chochote, inaingia kwenye damu karibu yote. Figo nzima ingeitoa kwenye mkojo. Figo iliyochoka inaiacha kwenye damu, mwili unavuta kalisi kutoka kwenye mifupa, na mishipa ya damu inaanza kukakamaa.

Kwa hiyo pakiti ikiandika E338 hadi E341, au E450, E451, E452, au neno lolote lenye "fosfeti" ndani yake, irudishe ilipokuwa. Na msidhani ni soseji tu. Kuna nyama mbichi kabisa, ya nguruwe na ya kuku, inadungwa maji ya chumvi na fosfeti kiwandani kabla ya kufungwa. Ukiiona unadhani ni mbichi safi. Dalili yake ni maandishi yanayosema imeongezwa maji au mchanganyiko, na ukiipika inatoa maji mengi kwenye sufuria badala ya kukaangika.

Kwa upande wa chumvi, gramu 100 za nguruwe mbichi ambaye hajawekwa kitu zina sodiamu kama miligramu 60. Hemu inafika 1,000 na kupita. Bekoni iliyokaangwa inapita 1,500. Mgonjwa wa figo anatakiwa abaki chini ya 2,000 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa vyakula vyote. Mnyama ni yule yule mmoja, tofauti ni kilichofanyika baada ya kuchinjwa. Miguu ya mzee kuvimba na presha kugoma, nyoosheeni kidole zile soseji kwanza.

---

BintiWaMzee

Asante sana mtaalamu. Hayo ya maji kwenye sufuria niliyaona kwa macho yangu! Wale kuku wa pakiti walikuwa wanachemka kwenye maji yao wenyewe, nikidhani ni barafu inayeyuka.

---

Kijana_wa_Zamu

Achaneni na nyama jamani, mbona mnajitafutia sababu. Kuna utafiti wa Singapore kabisa unasema nyama nyekundu inaua figo, na huko nyama nyekundu yao ni nguruwe. Mzee ale mboga na maharage aishi.

---

LisheKwanza

Ndugu, umetaja utafiti wa kweli na ni vizuri umeuleta. Walifuatilia Wachina watu wazima zaidi ya 63,000 wa Singapore kwa wastani wa miaka 15 na nusu, na matokeo yalitoka mwaka 2017. Karibu nyama nyekundu yote waliyokula ilikuwa ya nguruwe. Waliokula nyingi zaidi, ile robo ya juu, walikuwa na hatari ya kama asilimia 40 zaidi ya kufikia figo kushindwa kabisa, ukilinganisha na robo ya chini. Kuku, samaki, mayai na maziwa havikuonyesha hatari hiyo. Na walipokadiria mtu akibadilisha mlo mmoja wa nyama nyekundu kwa protini nyingine, hatari ilishuka.

Mimi huo utafiti nauchukulia kwa uzito, na ndiyo maana simwambii mgonjwa ale nguruwe kila siku. Lakini tuusome ulivyo. Waliangalia kiasi, na waliofikwa na hatari ni waliokula nyingi. Haukusema gramu 90 mara moja au mbili kwa wiki ni sumu. Sababu zinazofikiriwa ni kadhaa: nyama inaacha tindikali nyingi mwilini ambayo figo ndiyo inayoitoa, na vijidudu vya tumboni vinageuza vitu vilivyomo kwenye nyama nyekundu kuwa taka nyingine ambazo figo mbovu haiwezi kuziondoa.

Kuhusu mboga na maharage niko na wewe kuliko unavyodhani. Miongozo ya sasa inahimiza mgonjwa wa figo apate sehemu kubwa ya protini kutoka kwenye mimea. Ila "ale mboga aishi" si agizo la kumpa mtu ambaye hujaona kipimo chake cha potasiamu, madini yaliyo mengi kwenye mboga na maharage na ambayo figo mbovu inashindwa kuyatoa. Na mzee wa miaka 67 ambaye mikono ya shati inampwaya ukimnyang'anya nyama yote bila kumwekea kitu mahali pake, misuli yake ndiyo atakayokula.

---

Mama_Wawili

Naomba kuuliza kwa heshima. Sisi kwetu nguruwe haliwi kwa sababu ya imani. Je, kuna kitu mgonjwa wangu anakikosa?

---

LisheKwanza

Hakuna mama. Kila kilichomo kwenye nguruwe kinapatikana kwingine. Nguruwe amezidi nyama nyingine kwa vitamini B1, lakini hiyo iko pia kwenye nafaka zisizokobolewa na jamii ya kunde. Hesabu ya kipande, chumvi na fosfeti ni ile ile kwa kuku, mbuzi, ng'ombe na samaki.

---

SitaSasa

Wakuu, mimi ni mgonjwa mwenyewe. Nasafishwa damu mara tatu kwa wiki, huu ni mwaka wa sita. Naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu kwenye uzi huu kuna mtu wa kundi langu atasoma habari ya gramu 90 na atajiumiza.

Ukishaanza kusafishwa damu, hesabu ya protini inageuka juu chini. Hatupunguzi tena, tunaongeza. Mashine ikitoa taka inaondoka pia na chembe za protini, kila kikao gramu kadhaa. Sisi tunatakiwa gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo kwa siku. Mimi nina kilo 70, kwa hiyo nahitaji 70 hadi 84.

Mwaka wangu wa kwanza sikuambiwa hivyo, au niliambiwa nikiwa siko sawa kichwani, sijui. Niliendelea na ile lishe ya kabla, kipande kidogo cha nyama, siku nyingine hakuna. Albumini, ile protini ya kwenye damu, ikashuka. Nikawa natoka kwenye kitanda nashika ukuta. Kidonda kidogo cha mguu kilikaa miezi bila kupona. Nesi mmoja aliyekuwa ananichoma sindano kila kikao ndiye aliyeniuliza, "Baba, nyumbani unakula nini?" Nilipomjibu aliacha alichokuwa anafanya, akavuta kiti akaketi.

Sasa nakula nyama, samaki au mayai karibu kila mlo. Nguruwe nakula, ile sehemu ya sarara isiyo na mafuta. Ninachochunga ni fosforasi, na vidonge vyangu vya kuishika navimeza pamoja na chakula, ndani ya mlo wenyewe, si saa moja baadaye. Ukivimeza tumbo likiwa tupu ni kama hujameza, maana kazi yake ni kukutana na fosforasi tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Hilo nalo nilichelewa kulijua.

Na mayai, ule ute mweupe ndio rafiki yetu mkubwa. Protini safi kama gramu 3.6 kwa yai moja na fosforasi karibu hakuna. Fosforasi iko kwenye kiini.

---

BintiWaMzee

Baba, shikamoo, na asante kwa kuandika. Nimesoma hii ya kwako mara mbili. Nilikuwa sijui kabisa kwamba inageuka hivyo. Naiandika kwenye daftari la mzee ukurasa wa mwisho, Mungu apishe mbali, lakini ikifika tujue.

---

SitaSasa

Marahaba binti yangu. Na isifike.

---

Mdau_Mkavu

Kumbe! Mimi nilidhani lishe ya figo ni moja. Sasa mleta uzi tupe mapishi, hiyo sarara unamtengenezaje mzee bila chumvi akaila?

---

BintiWaMzee

Hapa ndipo nilipolia machozi ya kweli, si ya kitunguu. Wiki ya kwanza mzee alisukuma sahani. Akasema, "Bora nife nimeshiba." Alisema taratibu tu, bila hasira, na mama akatoka nje.

Nilichojifunza ni hiki. Nyama inataka uchachu na harufu kabla ya kutaka chumvi. Nachukua sarara, natoa mafuta yote ya pembeni na ule utando mweupe kwa kisu chembamba. Nakata vipande vyembamba visivyozidi unene wa kidole. Naviloweka usiku kucha kwenye maji ya ndimu, kitunguu saumu kilichotwangwa, tangawizi, pilipili manga na mafuta kidogo. Asubuhi vina harufu hata kabla ya moto.

Kabla ya kuvikaanga navichemsha kwanza kwenye maji mengi kwa dakika kumi hivi, halafu yale maji NAMWAGA. Mtaalamu alinieleza kwamba sehemu ya potasiamu na ya fosforasi inatoka kwenye nyama ikaenda kwenye maji, huku protini nyingi ikibaki kwenye nyama. Ukikata vyembamba inatoka zaidi. Ndugu zangu, mchuzi wa mifupa uliochemka saa tatu ambao kila mgeni anamletea mgonjwa ili "apate nguvu", ni maji hayo hayo ambayo mimi namwaga, tena yamewekwa chumvi juu. Tulikuwa tunampa mzee bakuli zima kila Jumapili.

Baada ya kuchemsha navipitisha kwenye kikaango cha moto mkali ili vipate rangi. Kitunguu kingi. Naweka chumvi nikiwa naipua, kibano kidogo kwa vidole viwili, juu ya nyama, si ndani ya sufuria. Ulimi unaikuta chumvi hapo hapo juu na unaridhika na kidogo.

Vile vijiwe vya supu nilivitoa jikoni kabisa. Ni chumvi tupu.

---

Kijana_wa_Zamu

Dada nimekuelewa sasa, samahani kama nilisema kwa ukali. Bibi yangu yuko hatua ya 4. Kuna ile chumvi ya kopo inaitwa ya presha, yenye sodiamu kidogo, tunampa hiyo. Ni sawa?

---

LisheKwanza

Ndugu yangu, simama hapo hapo! Soma kopo leo usiku. Chumvi nyingi za namna hiyo zimepunguzwa sodiamu kwa kuwekewa kloraidi ya potasiamu. Kwa mwenye presha tu na figo nzima zinafaa. Kwa hatua ya 4 potasiamu inaweza kupanda hadi moyo ukapoteza mapigo yake, na haitoi dalili mapema. Hatari inazidi kama bibi anatumia zile dawa za presha ambazo zenyewe zinabakiza potasiamu, na wagonjwa wengi wa figo wanazitumia. Usizikatize dawa. Acha hiyo chumvi, na kesho umwambie daktari wake kwamba ameitumia ili apimwe potasiamu.

---

Kijana_wa_Zamu

Nimetoka kuisoma. Imeandikwa potasiamu. Nimeitupa. Kesho asubuhi nampeleka. Asante, sina cha kukulipa.

---

Mwalimu_wa_Jioni

Naomba na mimi nitoe ushuhuda wa kipimo. Mwaka jana kreatinini yangu, ile taka ya misuli wanayoipima kwenye damu kujua figo zinavyochuja, iliruka ghafla, daktari akashtuka na mimi nikashtuka zaidi. Tulipozungumza akaniuliza jana yake usiku nilikula nini. Kulikuwa na sherehe, nilikula nyama hasa, sahani mbili. Akanirudisha baada ya siku chache, akaniambia nisile nyama kwa muda wa saa 12 kabla ya kutolewa damu. Namba ikashuka. Alinieleza kwamba nyama ikipikwa, kreatini iliyomo kwenye misuli ya mnyama inageuka kreatinini, ukiila inaingia kwenye damu yako na kipimo kinaihesabu kama yako. Figo hazikuwa zimeharibika usiku mmoja. Nawaambia kwa sababu siku mbili zile sikulala.

---

LisheKwanza

Sahihi kabisa mwalimu. Waingereza wameliweka hilo kwenye mwongozo wao: hakuna nyama saa 12 kabla ya kipimo. Ni nyama yoyote iliyopikwa, si nguruwe peke yake.

---

Mama_Wawili

Na maini je? Mgonjwa wangu ana upungufu wa damu, kila mtu ananiambia nimpe maini.

---

LisheKwanza

Mama, maini, figo za mnyama na viungo vya ndani kwa jumla ndivyo ningeviweka mbali kuliko nguruwe. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyoiva zina fosforasi miligramu 400 na zaidi, karibu mara mbili ya nyama ya kawaida, ambayo iwe nguruwe, ng'ombe au kuku inacheza kwenye 200 na ushee. Pia yanapandisha asidi ya yuriki, na kwa mgonjwa wa figo hiyo inaleta gauti (jongo) kirahisi. Dagaa na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao nao fosforasi yao iko juu.

Na upungufu wa damu wa mgonjwa wa figo mara nyingi hauletwi na chakula. Figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuambia uboho utengeneze damu. Zikichoka, homoni inapungua. Unaweza kumlisha maini mwaka mzima na damu isipande. Anahitaji kupimwa, na dawa ziko.

---

Mdau_Mkavu

Mimi sina ugonjwa wa figo ila nina mawe. Haya yote yananihusu?

---

LisheKwanza

Kwa sehemu. Nyama nyingi na chumvi nyingi vinachangia mawe, kwa hiyo vipunguze vyote viwili. Ila wewe kunywa maji mengi, jambo ambalo SitaSasa hapo juu haruhusiwi. Usichukue lishe yake.

---

DadaWaFigoMoja

Nimekuja kwa kuchelewa. Mimi nimepandikizwa figo, aliyenipa ni kaka yangu. Naomba niongeze moja kuhusu nguruwe ambayo sijaiona hapa.

Sisi tunameza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo. Nguruwe asiyeiva vizuri anaweza kubeba minyoo ya tegu, na pia kirusi cha homa ya ini aina ya E. Mtu mwenye kinga nzima mara nyingi hicho kirusi anakimaliza mwenyewe. Kwetu kinaweza kukaa, kikawa ugonjwa sugu wa ini. Mimi nimenunua kipimajoto cha nyama, kile cha kuchoma katikati. Kipande kizima nahakikisha angalau nyuzi 63 katikati, halafu nakiacha kitulie dakika tatu kabla ya kukata. Nyama ya kusaga 71. Maini ya nguruwe na soseji ambazo hazijaiva sawasawa sigusi kabisa. Mimi binafsi nazidisha moto kuliko hizo namba, nyama inakauka kidogo, sijali. Kaka yangu ana kovu ubavuni kwa ajili yangu.

---

SitaSasa

Binti, Mungu aitunze hiyo figo.

---

BintiWaMzee

Narudi na mrejesho maana kuna waliouliza faragha. Ni mwezi wa saba tangu tuache pakiti. Ratiba ya mzee kwa wiki kwa sasa: nguruwe mara moja, ng'ombe mara moja au hakuna, samaki mbichi wa kupika mara mbili, kuku asiyedungwa kitu mara moja, siku zinazobaki mayai au maharage kulingana na potasiamu ya mwezi huo. Mbavu hatumpi, zina mafuta kama gramu 30 kwa kila 100 na presha yake na moyo wake havihitaji hayo. Uchujaji ulikuwa 38, sasa ni 37, daktari anasema kwa umri wake hiyo ni kutulia. Fosforasi imerudi ndani ya mipaka bila kuongezewa kidonge. Miguu imenywea, nikibonyeza shimo halibaki. Uzito kilo 63.

Siku ya nguruwe ni Jumamosi. Mzani ninauweka juu ya meza na yeye mwenyewe ndiye anayeweka kipande. Jumamosi iliyopita ulisoma 94. Akachukua kisu, akakata kipembe kidogo sana, akakiweka kwenye sahani ya mama, akautazama tena ule mzani mpaka ukaandika 90.